Stonehenge kwa mwenye swali la "kwa nini": tiketi inakupa nini?

Maoni mengi kuhusu ziara ya Stonehenge hugusa mambo mawili: bei, na mawe kuonekana madogo kuliko mtu alivyotazamia. Yote mawili yana ukweli wake, lakini hayamsaidii anayekwenda pale na mjadala kichwani: duara hili la mawe lilijengwa kwa kazi gani? Kwa kipimo hicho ziara inalipa, ila inamlipa aliyejiandaa. Maonyesho yanaeleza vizuri sana lilijengwa lini, kwa zana gani na kwa mawe ya wapi. Swali la kwa nini limeachwa wazi, na hapo waandaaji walifanya la maana, maana wataalamu wenyewe bado wanavutana. Kasoro iko kwenye njia ya kuzunguka mawe. Inakuweka mahali pazuri pa kupima baadhi ya nadharia na mbali mno kupima nyingine, na asiyejua pa kusimama hatambui tofauti.

Kwanza tiketi. Stonehenge iko kwenye uwanda wa Salisbury, kusini mwa Uingereza, kilomita 13 hivi kaskazini mwa mji wa Salisbury, na inaendeshwa na English Heritage, shirika la kutunza maeneo ya kale. Bei hupanda na kushuka kwa msimu na siku. Ukinunua mapema mtandaoni unapunguza gharama na unajihakikishia nafasi, kwa kuwa tiketi huwa na saa yake ya kuingia. Wanachama wa English Heritage na wa National Trust, shirika jingine la uhifadhi, hawalipi. Mgeni wa mwisho huingia saa mbili kabla ya geti kufungwa, na akiingia wakati huo atachagua kati ya maonyesho na mawe. Tenga saa nne. Treni kutoka London Waterloo hadi Salisbury ni kama saa moja na nusu, kisha kuna basi la watalii kutoka stesheni.

Kituo cha wageni kilifunguliwa Desemba 2013, kilomita mbili na kitu magharibi mwa mawe, ili majengo yasionekane ukiwa kwenye duara. Wakati huohuo barabara ya zamani ya A344, iliyokuwa ikipita ubavuni kabisa mwa mawe, ilifungwa na kupandwa nyasi. Watu wengi wakishuka kwenye gari hukimbilia basi la kwenda kwenye mawe na kuacha maonyesho yawe ya mwisho. Fanya kinyume. Ukitangulia kwenye mawe utaona mawe tu; ukitangulia kwenye maonyesho utajua lipi utazame.

Ndani ya maonyesho, usiondoke bila mpangilio wa tarehe. Karibu mwaka 3000 KK palichimbwa mtaro wa mviringo wenye tuta, upana wake kama mita 100, kwa mapembe ya paa yaliyotumika kama sururu. Mapembe yenyewe yamo kwenye makabati ya vioo, na ncha zake zimelika kwa kuchimba chaki. Ndani ya tuta palichimbwa mashimo 56, yanayoitwa mashimo ya Aubrey kwa heshima ya John Aubrey wa karne ya 17. Mawe makubwa ya sarseni (aina ya mwamba mgumu wa mchanga), yale ya kwenye picha zote, hayakusimamishwa hadi karibu 2500 KK. Kati ya hatua hizo mbili kuna miaka 500 hivi, na miaka hiyo ndiyo huangusha nadharia nyingi. Ukisikia mtu anaunganisha mashimo 56 na malango ya mawe (nguzo mbili zenye jiwe la lenta lililolazwa juu yake) kana kwamba ni mtambo mmoja uliobuniwa na fundi mmoja, muulize tarehe.

Ndivyo ilivyo hata kwa Madruidi, makuhani wa kale wa Waselti. Aubrey alidokeza, na William Stukeley akalishikilia kwa nguvu karne ya 18, kwamba hili lilikuwa hekalu lao. Lakini habari za Madruidi zinatoka kwa waandishi wa enzi za Warumi, zaidi ya miaka 2,000 baada ya sarseni kusimamishwa. Hakuna tarehe hata moja ya ujenzi inayowafikia. Maonyesho yanagusa jambo hili kidogo tu na kusonga mbele. Kiasi hicho kinatosha.

Kuna kitu kimoja kinachowachanganya wageni wengi pale ndani: uso wa mwanamume uliofinyangwa upya kutokana na fuvu lake. Wanampiga picha kama "mjenzi wa Stonehenge". Aliishi miaka kama 5,500 iliyopita, karne tano hivi kabla hata ya mtaro kuchimbwa. Ni kielelezo kizuri mno cha watu wa eneo hilo, lakini usimpe kazi ya kutetea nadharia yoyote kuhusu mawe.

Ukitoka nje, kuna nyumba tano za kuta za chaki na paa za nyasi, zilizojengwa kwa kufuata sakafu zilizofukuliwa Durrington Walls, kilomita tatu hivi kaskazini-mashariki mwa mawe. Ingia angalau moja na uangalie jiko la katikati. Nyumba hizi ni nusu ya hoja kubwa kuliko zote katika mjadala huu, nitairudia.

Kwenda kwenye mawe, panda basi mpaka nusu ya njia, ushuke kwenye kijisitu cha Fargo, kisha utembee shambani. Utapita karibu na Cursus, mtaro mrefu wa karibu kilomita tatu uliochimbwa karne kadhaa kabla ya Stonehenge. Ukitembea ndipo unapoona kwamba mawe hayako mahali palipo juu kuliko pote. Anayetaka kuyaelewa kama sehemu ya mandhari hawezi kuridhika na dirisha la basi.

Pa kusimama

Sasa mawe. Kamba iliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu miguu ya wageni ilikuwa ikimaliza ardhi, na tiketi ya kawaida inakuzungusha nje yake. Anza upande wa kaskazini-mashariki, kwenye Heel Stone. Hili ni jiwe lisilochongwa, lenye urefu wa karibu mita tano juu ya ardhi, limeinama kuelekea kwenye duara. Liwe mgongoni mwako na utazame katikati ya duara. Umesimama kwenye mhimili wa jengo zima. Dira ya simu itakuonyesha nyuzi 230 hivi mbele yako na nyuzi 50 nyuma yako.

Nyuzi 50 ndiko jua huchomoza siku ndefu kuliko zote, karibu Juni 21. Nyuzi 230 ndiko huzama siku fupi kuliko zote, karibu Desemba 21. Kwa kuwa mstari ni mmoja, kila mmoja anaweza kuvutia kwake: sherehe ilikuwa ya macheo ya Juni, au ya machweo ya Desemba? Umati hujaa Juni. Ushahidi wa mawe, kwa maoni yetu, unaelemea Desemba, na kutoka hapo ulipo unaweza kuuona kwa macho. Njia ya kale iitwayo Avenue ilikuwa inamleta mtu kutoka nyuma yako, yaani akija anatazama kusini-magharibi, kwenye machweo ya Desemba. Vipimo vya leza vilivyotangazwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba mawe yanayotazama upande huo wa mjio ndiyo yaliyosawazishwa na kung'arishwa kwa uangalifu zaidi. Na mbele kabisa, upande wa mbali, ndipo liliposimama lango refu kuliko yote, ambalo jua la Desemba lingeshukia katikati yake. Leo nguzo moja tu ya lango hilo imesimama, jiwe namba 56. Lilikuwa limeinama vibaya hadi William Gowland alipolinyoosha mwaka 1901.

Zunguka mpaka upande wa kusini-magharibi ulitazame jiwe hilo kwa karibu, ukiwa na darubini ndogo kama unayo. Juu ya kichwa chake kuna kinundu. Huo ni ulimi uliochongwa uingie kwenye tundu la jiwe la lenta, kama seremala anavyounga fremu ya mlango. Mita 6.7 ziko juu ya ardhi na nyingine 2.4 zimezikwa. Lenta yake imelala chini, na tundu lake linaonekana. Tunalisisitiza hili kwa sababu nadharia yoyote ya matumizi lazima ieleze kazi ya ziada: mawe mengine ya kale ya Ulaya yalisimamishwa bila kuungwa namna hii. Hawa walichukua ufundi wa mbao wakautia kwenye mawe ya tani 20 na zaidi, kwa kupiga jiwe kwa jiwe. Ardhi ya pale ina mteremko kidogo, na bado lenta zililala sawa. Anayesema ilikuwa saa ya jua tu hana budi kueleza gharama hiyo, maana kwa kuonyesha mwelekeo wa jua vijiti viwili vinatosha.

Hapo ndipo nadharia za elimu ya anga zinapoanza kutofautiana kwa ubora. Kwamba mhimili unafuata jua halina ubishi. Ubishi unaanza pale mtu anapotaka usahihi. Mwaka 1963 mwanaastronomia Gerald Hawkins alitangaza kwamba aliingiza vipimo vya mawe kwenye kompyuta na kupata mielekeo mingi ya jua na mwezi. Mwanaastronomia mwenzake Fred Hoyle akaongeza kwamba mashimo 56 yangeweza kutabiri kupatwa kwa jua na mwezi, kwa kuhamisha alama kutoka shimo hadi shimo. Mizunguko mitatu ya mwezi ya miaka 18.6 inakaribia 56. Hesabu inavutia. Tatizo la kwanza ni la hisabati: ukiwa na nukta 50, unaweza kuchora mistari 1,225 kati yake, na kila mmoja una pande mbili. Baadhi yake lazima itaangukia mahali pa maana angani hata kama nukta zilitupwa ovyo. La pili ni la udongo: mashimo hayo yaliwekwa nguzo au mawe, yakafukiwa, na mengi yakapewa mifupa ya watu iliyochomwa. Usingeweza kuyatumia kama ubao wa kuhesabia karne baada ya karne. Kwenye njia utayaona yamewekewa alama nyeupe ardhini. Hesabu chache, uone yalivyo karibu na tuta na mbali na mawe.

Mwezi hata hivyo haujatoka kabisa mjadalani. Mawe manne madogo ya pembeni, ambayo mawili yamebaki, yanaunda mstatili ambao upande wake mrefu unaelekea mwezi unapochomoza kusini kabisa mwa safari yake, jambo la kila miaka 18.6, mara ya mwisho 2024 na 2025. Huo ni mwelekeo mmoja, uliochongwa kwenye umbo la jengo lenyewe, na unabeba uzito kuliko mistari yote ya kompyuta. Kwa mgeni wa njiani ni mgumu kuuona, kwa kuwa pembe mbili za mstatili hazina jiwe.

Kalenda ndiyo nadharia unayoweza kuipima vizuri zaidi ukiwa kwenye njia. Mwanaakiolojia Timothy Darvill aliitoa mwaka 2022: duara la sarseni 30 ni siku 30 za mwezi, mara 12 ni 360, malango matano ya ndani yanaongeza siku tano, na mawe manne ya pembeni yanashika mwaka mrefu, wa siku 366. Alidokeza pia uwezekano wa uhusiano na Misri, ambako mwaka wa siku 365 ulijulikana. Nenda upande wa kusini ukalitafute jiwe namba 11. Ni fupi na jembamba kuliko wenzake, huwezi kulikosa. Kwa wengine ni ushahidi kwamba duara halikukamilika: hakuna lenta ingeweza kulala juu yake lilivyo. Kwa Darvill, ufupi wake ni wa makusudi, unatenga juma la siku kumi. Kuhusu kukamilika kwa duara, ukame wa mwaka 2013 ulisaidia, kwani nyasi zilizokauka kwa namna tofauti zilionyesha mahali mawe yaliyopotea yaliposimama. Kwa hiyo namba 30 ina msingi.

Lakini kalenda ina udhaifu mzito, uliochambuliwa na Giulio Magli na Juan Antonio Belmonte mwaka 2023. Namba 12 haipo popote kwenye mawe. Imeletwa na mwenye nadharia. Na jua lenyewe halitoi siku kwa usahihi huo. Siku nne kabla ya kilele cha Juni na siku nne baada yake, mahali pa macheo huhama kwa takriban moja ya tano tu ya upana wa jua. Mtazamaji kati ya mawe yenye upana wa mita mbili hawezi kusema leo ni siku ya kilele au ni keshokutwa. Kwa sherehe ya siku kadhaa inatosha kabisa. Kwa kuhesabu siku 365 na robo haitoshi.

Wafu, na mgeni kutoka Madagaska

Nadharia ambayo tunaiona imesimama imara kuliko zote haikutoka kwenye vipimo vya anga. Mwaka 1998 mwanaakiolojia Ramilisonina, kutoka Madagaska, aliyatembelea mawe haya pamoja na Mike Parker Pearson wa Uingereza. Kwa mtu wa kwao jambo lilikuwa wazi: mbao ni za walio hai, kwa kuwa huoza kama miili yetu, jiwe ni la wahenga, kwa kuwa wao hawabadiliki tena. Wawili hao wakaandika hoja kwamba Stonehenge ilikuwa ya wafu, na maduara ya mbao ya Durrington Walls na Woodhenge yalikuwa ya walio hai, mto Avon ukiyaunganisha.

Wapinzani walikuwa na haki ya kuuliza: desturi ya kisiwa cha Bahari ya Hindi inawezaje kueleza watu wa Uingereza wa miaka 4,500 iliyopita? Haiwezi, peke yake. Kilichoipa nguvu ni kwamba ilitabiri mambo ya kuchimbuliwa, na yakapatikana. Uchimbaji wa Durrington Walls kuanzia 2004 hadi 2007 ulitoa sakafu za nyumba (ndizo zile tano za kituoni), majalala ya karamu, na barabara inayoshuka mtoni. Duara la mbao la pale linatazama macheo ya Desemba, mahali ambapo mawe yanatazama machweo ya siku hiyohiyo. Kwenye mawe, kinyume chake, kuna mifupa iliyochomwa: watu 150 au zaidi kwa makadirio, na tarehe zake zinaanzia mwanzo kabisa wa mtaro na kuendelea kwa karne kadhaa. Kwa hiyo makaburi yalikuwapo tangu jengo lilipoanza. Mwaka 2018 vipimo vya strontiamu (elementi ambayo mwili huipata kutoka kwenye chakula cha mahali mtu anapoishi) kwenye mifupa ya watu 25 vilionyesha kwamba 10 kati yao hawakuishi kwenye ardhi ya chaki ya eneo hilo miaka yao ya mwisho, na baadhi wanalingana na magharibi mwa Wales, yaani kule yalikotoka mawe ya buluu, yale madogo ya Stonehenge.

Udhaifu wa nadharia hii uko kwenye ukali wa mgawanyo. Kaburi halimzuii mtu kufanya mengine mahali hapo, na mstari kati ya mbao na mawe si safi kila mahali. Kwenye maonyesho hoja imewekwa kwa upole mno. Mgeni anaona nyumba, anaona mifupa, na hakuna anayemwambia kwa sauti kubwa kwamba vitu hivyo viwili ni pande mbili za hoja moja. Kama kuna jambo moja la kurekebisha kwenye huduma nzima, ni hilo.

Nadharia ya uponyaji, kwamba watu walikuja hapa kutafuta tiba, ilipata umaarufu mwaka 2008, Darvill na Geoffrey Wainwright walipofungua shimo dogo ndani ya duara, la kwanza tangu 1964. Walikuta vipande vingi vya mawe ya buluu vilivyovunjwa, wakasema watu walivichukua kama dawa. Wakamtaja pia mwanamume aliyezikwa kilomita tano hivi kutoka pale karibu 2300 KK, aliyekulia upande wa milima ya Alps na kuumia vibaya goti. Hoja inataka kitu ambacho mtu mmoja mwenye goti bovu hawezi kuitoa: kwamba waliozikwa karibu na mawe walikuwa wagonjwa kuliko waliozikwa kwingine. Na mifupa iliyochomwa huficha maradhi mengi. Jiwe huvunjwa pia kwa kuchongwa, na kwa kutengenezwa zana. Kutoka kwenye njia hutaona lolote la kuthibitisha wala kukanusha.

Sauti nayo huwezi kuijaribu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Salford walijenga mfano wa ukubwa wa moja kwa kumi na mbili, wenye mawe 157, wakaona sauti ya mzungumzaji ndani ya duara inaongezeka kwa desibeli nne hivi, huku walio nje wakinufaika kidogo mno. Hilo ni muhimu kwa swali la nani aliruhusiwa kuingia. Lakini wewe uko nje ya kamba, mawe mengi hayapo tena, na magari ya barabara kuu ya A303 yanapita chini ya mita 200 kutoka hapo. Mpango wa kuizika barabara hiyo kwenye handaki ulifutwa na serikali mwaka 2024, kwa hiyo kelele itaendelea.

Nadharia inayopanda kwa kasi sasa ni ya muungano: kwamba thamani ya jengo ilikuwa katika kukusanya mawe na watu wa mbali. Sarseni 50 kati ya 52 zilizobaki zina kemia moja, na mwaka 2020 zilihusishwa na West Woods, kilomita 25 hivi kaskazini. Siri ilifunguliwa na kipande cha jiwe namba 58 kilichotobolewa wakati wa ukarabati wa 1958 na kurudishwa miongo sita baadaye. Mawe ya buluu, ya tani mbili hadi tano, yalitoka milima ya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200, jambo ambalo H. H. Thomas alilionyesha tangu 1923. Halafu 2024 ikatangazwa kwamba Altar Stone, jiwe la tani sita, chembe za madini yake zinalingana na kaskazini-mashariki mwa Scotland, angalau kilomita 700 kutoka pale. Nguruwe wa karamu nao, kwa vipimo vilivyochapishwa 2019, walifugwa sehemu mbalimbali za Uingereza, hadi Scotland. Meno yao yanaonyesha wengi walichinjwa na umri wa miezi tisa hivi, na aliyezaliwa majira ya kuchipua hufikisha miezi hiyo katikati ya baridi. Hapo nadharia ya muungano, ya wafu na ya machweo ya Desemba zinashikana mikono.

Tahadhari moja. Wazo kwamba mawe ya Wales yalikuwa kwanza duara kamili huko Waun Mawn, likabomolewa na kuhamishwa, lilitangazwa kwa kishindo mwaka 2021, lakini uchunguzi wa miamba uliofuata haukupata uhusiano huo. Ukilisikia likisemwa kama jambo lililokwisha, lichukulie kama dai tu.

Na hapa njia inakunyima kabisa: Altar Stone, lenye mjadala mkali kuliko mawe yote, limelala chini ya jiwe lililoanguka na lenta yake, na kutoka nje ya kamba hulioni ipasavyo.

Tiketi ya ndani, au siku ya umati?

Kuna tiketi maalumu ya kuingia ndani ya duara kwa kundi dogo, alfajiri au jioni, nje ya saa za kawaida. Ni ghali zaidi, hujaa mapema, na kugusa mawe hakuruhusiwi. Inafaa kwa anayetaka kuliona Altar Stone, kusimama katikati na kutazama Heel Stone, na kuona jinsi nyuso za ndani za nguzo zilivyosawazishwa. Ukipata nafasi, beba dira na ramani yenye namba za mawe. Bila namba, saa moja inaisha ukiuliza lipi ni lipi.

Siku za macheo ya Juni na Desemba geti hufunguliwa bure na watu huingia ndani kwa maelfu. Maegesho hulipiwa. Kwa sherehe ni siku nzuri. Kwa kupima ni ngumu, kwa sababu vichwa vinaziba mhimili. Juni ukifanikiwa kusimama katikati, utaona jua linachomoza kidogo kushoto mwa Heel Stone. Usidhani wajenzi walikosea. Mwaka 1979 shimo la jiwe jingine lilipatikana kando yake, na inaelekea jua lilichomoza kati ya hayo mawili. Asiyetaka umati aweke programu ya mwelekeo wa jua kwenye simu, aandike Desemba 21, asimame kwenye Heel Stone siku yoyote ya mwaka.

Mambo yanayoharibu ziara ni ya kawaida. Uwanda hauna kizuizi cha upepo, na mvua huja imelala. Maelezo ya sauti hupakuliwa kwenye simu, kwa hiyo fanya hivyo kabla ya safari na ubebe visikizio. Wengine huzunguka haraka upande mmoja, wakapiga picha na kurudi kwenye basi bila kufika kusini, wakalikosa jiwe namba 11.

Baada ya hapo, sehemu bora haina tiketi. Woodhenge iko wazi bure, nguzo zake zimewekewa vigingi vya zege, na Durrington Walls iko jirani, pana kama nusu kilomita. Kutoka huko unaweza kurudi kwa miguu kupitia mashamba ya National Trust hadi mahali Avenue inapokata kona. Mita mia kadhaa za mwisho zimenyooka kwenye mhimili. Bondeni mawe hupotea machoni, kisha ukipanda yanatokea juu yako hatua kwa hatua. Mwaka 2008 ilionekana kwamba chini ya sehemu hii kuna mifereji ya asili ya enzi ya barafu ambayo kwa bahati inaelekea jua la Desemba. Ni jibu linaloaminika kwa swali la kwa nini hapa, na utalikanyaga bila kulipa chochote.

Vitu vya mwanamume wa Alps viko Salisbury Museum, si kwenye kituo. Kama siku ni moja tu, chukua tiketi ya asubuhi mapema, maliza mawe kabla ya mchana, na uwahi makumbusho hayo kabla hayajafunga jioni.